Tuzo Ilikuja Durban, na Lugha Je?





Tunapenda mwezi huu tulizungumze jambo ambalo majumbani mwetu husemwa kwa sauti kubwa wakati wa chakula, lakini katika kurasa hizi halijapata kuandikwa. Nalo ni nyimbo za kwetu zinapoingia katika mashindano ya mataifa, fahari inayotupanda zikishinda, na swali linalobaki fahari hiyo ikishatulia: wimbo huo ni wetu kwa sababu gani?

Tunajua kwamba wapo miongoni mwetu wasiopenda kabisa kusikia habari za muziki, na hoja zao tunaziheshimu. Hukumu ya ala na uimbaji ni kazi ya masheikh wetu, wala hatuigusi hapa. Sisi tunasema juu ya jambo lililokwisha kutokea katika mji huu mbele ya macho ya watoto wetu, nao wakajifunza kitu kutokana nalo, tupende tusipende.

KURA YA WASIO NA KURA

Tarehe 7 Juni 2014, Ramadhani ikiwa inakaribia, tuzo za muziki wa Afrika za kituo cha televisheni cha MTV zilitolewa katika ukumbi wa mikutano ya kimataifa wa Durban, ule ambao sote huuita ICC. Kutoka Sparks Road hadi pale ni mwendo mfupi wa gari. Wengi wetu tumepita nje ya ukumbi huo mara nyingi kuliko tulivyoingia ndani, na wapo ndugu zetu waliopata riziki ya halali kwa kulinda magari katika barabara za mjini.

Katika orodha ya washindani alikuwamo kijana wa Tandale, Dar es Salaam, Nasibu Abdul Juma, ambaye dunia inamjua kwa jina la Diamond Platnumz. Alishindania tuzo mbili: ya mwimbaji bora wa kiume, na ya wimbo bora wa ushirikiano kwa ajili ya "Number One", aliourudia pamoja na Davido wa Nijeria.

Sehemu kubwa ya tuzo zile iliamuliwa kwa kura za watazamaji, na hapo ndipo jambo lenyewe lilipotugusa. Zingatieni hali yetu. Mgeni mwenye karatasi za ukimbizi hapigi kura katika nchi hii, na aliye mbali na kwao aghalabu hapigi kura huko pia. Vijana wetu walikuwa hawajapata kuulizwa na mtu yeyote wamtaka nani. Ghafla wakaulizwa, tena kwa simu walizo nazo mkononi. Walipiga kura wakiwa foleni dukani, wakapiga kura nje ya msikiti baada ya Ijumaa, na wakawafundisha baba zao namna ya kubonyeza. Katika nyumba moja tunayoijua, babu wa miaka sabini na kitu, ambaye hajapata kuusikiliza wimbo wa Diamond hata mmoja hadi mwisho, alipiga kura kwa sababu aliambiwa kijana huyu ni wa Tandale, naye zamani alikaa Manzese.

Lakini kura huhesabu vichwa. Tanzania, kwa sensa ya 2012, ilikuwa na watu takriban milioni 45. Nijeria wakati ule ilikuwa na watu zaidi ya milioni 170. Afrika Kusini nayo ilikuwa mwenyeji. Matokeo yakawa kwamba Davido alitwaa tuzo ya mwimbaji bora wa kiume na ya msanii wa mwaka, na kundi la Mafikizolo la hapa Afrika Kusini likatwaa tuzo ya wimbo wa mwaka kwa "Khona". Kijana wetu aliondoka mikono mitupu. Vijana wa Sydenham wakasema tumedhulumiwa. Wazee wakasema hiyo ni hesabu tu. Sisi twaona wazee walikuwa na haki. Mashindano ya namna ile hupima idadi ya watu, wingi wa simu na bidii ya mashabiki. Uzuri wa wimbo nao umo, ila umechanganyika na hayo yote, wala hakuna mizani ya kuutenga.

APRILI YA KUNYAMAZA, JULAI YA VIGELEGELE

Kabla mwaka haujatimia, mji huu huu ulituonyesha uso mwingine. Mwishoni mwa Machi 2015 ghasia dhidi ya wageni zilizuka Isipingo, kusini ya Durban, na katika mwezi wa Aprili zikaenea sehemu nyingine za mji, kisha zikafika Johannesburg. Watu wasiopungua saba waliuawa nchini. Maelfu waliyahama makazi yao wakalala katika mahema viwanjani, Isipingo, Phoenix na Chatsworth. Wapo wasomaji wa jarida hili waliolala katika mahema hayo, na wapo waliowapelekea wenzao chakula na mablanketi. Tarehe 16 Aprili maelfu ya wakazi wa Durban waliandamana kuipinga ghasia ile, na wema huo hatuusahau.

Katika majuma yale tuliwafundisha watoto wetu adabu mpya ya safari. Ukipanda teksi, nyamaza. Simu ikilia nawe umo safarini, usiipokee. Ukilazimika kusema, sema Kiingereza au Kizulu, na usimwite mtu "mama" au "kaka" kwa lafudhi ya kwetu. Mzazi mmoja, mwenyeji wa Kigoma, alikuwa akimwita mwanawe dukani kwa kumgusa bega, asije akalitamka jina lake. Hayo yalikuwa ya lazima. Roho ni amana, na hakuna wa kumlaumu mzazi aliyeilinda kwa kunyamaza.

Kisha ikaja Julai. Tarehe 18, siku ya kuzaliwa kwa Mzee Nelson Mandela, tukiwa katika siku zile zile za Idi el-Fitri ya mwaka 1436 Hijria, tuzo za MTV zilirudi ICC kwa mara ya pili. Safari hii Diamond alitangazwa msanii bora wa maonyesho ya jukwaani. Vigelegele vilitoka madirishani katika majumba ambayo tangu Aprili yalikuwa yakizungumza kwa kunong'ona. Watu wakatoka nje. Kiswahili kikasikika tena barabarani, kwa sauti, na usiku ule hakuna aliyemwambia mwenzake anyamaze. Oktoba ya mwaka huo huo, katika tuzo za MTV za Ulaya zilizofanyika Milan, Diamond alipewa tuzo ya msanii bora wa Afrika, na katika kura ya kuziunganisha Afrika na India akamshinda Priyanka Chopra, nyota wa filamu za Kihindi. Hilo nalo lilileta utani mwingi baina yetu na majirani zetu wenye asili ya India, wanaotuuzia viungo na kusali nasi safu moja.

Asubuhi ya baada ya tuzo ile ya Julai, mtoto wa miaka tisa wa jirani yetu alimwuliza mamake: je, sasa naweza kusema Kiswahili ndani ya teksi? Mamake alimjibu asubiri kwanza.

Tumelitafakari swali hilo kwa miaka mingi. Katika muda wa miezi minne mtoto yule alikuwa amefunzwa mambo mawili juu ya lugha ya nyumbani kwao. La kwanza, kwamba ni kitu cha kufichwa kwa kuwa chaweza kukuua. La pili, kwamba ni kitu cha kushangiliwa kikipewa tuzo na watu wa televisheni. Mafunzo yote mawili yalitoka nje ya nyumba. Katika yote mawili, thamani ya lugha yake ilikuwa mikononi mwa wengine: leo wanaitisha, kesho wanaitukuza. Mtoto akikua na mafunzo hayo mawili tu, ataishika lugha ya kwao siku za tuzo na kuiacha siku za kawaida, na siku za kawaida ndizo nyingi.

FAHARI YA NANI?

Usiku ule wa Julai bendera ya Tanzania ilitundikwa dirishani, na hapo pakazuka mjadala. Wakenya waliokuwapo waliuliza kama wao hawamo. Ndugu zetu wa Bujumbura, wa Bukavu na wa Visiwa vya Ngazija nao walikuwa wameshangilia kwa nguvu zile zile. Kinyozi mmoja wa Kirundi alieleza kwamba yeye si Mtanzania, wala hajapata kufika Dar es Salaam, ila ameshangilia kwa kuwa mshindi aliposema alimwelewa. Twaona kinyozi huyu alisema jambo ambalo bendera haikuweza kulisema.

Mabishano ya namna hii si mageni kwetu. Wimbo "Malaika" ni mfano ulio wazi. Fadhili William wa Kenya aliurekodi mwanzoni mwa miaka ya 1960, lakini utunzi wake umegombewa na wengine, akiwamo Adam Salim, na hadi leo Mkenya na Mtanzania wakikaa meza moja waweza kuwagombanisha kwa kuuliza tu ni wa nani. Wakati huo wote wakibishana, aliyeufikisha wimbo huo mbele ya dunia alikuwa ni Miriam Makeba, binti wa Johannesburg, ambaye serikali ya ubaguzi ilimfutia pasipoti mwaka 1960 asiweze kurudi kumzika mamake, na ambaye hakurejea kwao hadi 1990. Mwanamke wa Afrika Kusini aliye uhamishoni aliimba kwa Kiswahili, na walimwengu wengi walikisikia Kiswahili kwa mara ya kwanza kinywani mwake. Hilo la kukumbuka pale mtu anapotuambia kwamba lugha yetu haina haki ya kusikika katika mitaa ya nchi hii.

MAHADHI HAYANA PASIPOTI

Wapo wazee wetu wanaosema kwamba muziki wa vijana wa sasa si wetu hata kidogo: mapigo yametoka Nijeria na Marekani, mavazi yametoka huko huko, hata jina la wimbo ni la Kiingereza. Hoja hii ina uzito, lakini tuipime kwa historia.

Chukueni taarabu, ambayo wazee hao hao huitaja kama kipimo cha asili yetu. Husimuliwa kwamba Sultani Barghash, aliyetawala Unguja kuanzia 1870 hadi 1888, alimtuma mtu Misri akajifunze muziki wa huko. Mwaka 1905 ikaundwa Ikhwani Safaa, klabu iliyoilea taarabu mjini Unguja. Ala zilikuwa za Kiarabu, na kwa muda mrefu maneno nayo yalikuwa ya Kiarabu. Kisha akaja Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, mtoto wa watu wa shamba, akaiimba taarabu kwa Kiswahili ambacho mpagazi na muuza vyungu walikielewa. Mwaka 1928 yeye na wenzake walivuka bahari hadi Bombay kurekodi sahani za santuri, zikauzwa pwani yote na bara. Mahadhi aliyoyaimba yalikuwa na asili ya ng'ambo, na maneno yake ndiyo yaliyoyafanya kuwa yetu. Bi Kidude, Fatuma binti Baraka, aliyejifunza kwa kumsikiliza Siti, alitunukiwa tuzo ya WOMEX huko Newcastle mwaka 2005 akiwa ajuza. Alifariki tarehe 17 Aprili 2013, Mwenyezi Mungu amrehemu. Tuzo hiyo ilimkuta akiwa ameimba tangu ujana wake, mbele ya watu wake, bila ya kuingojea.

Diamond naye, mwaka ule wa 2015, alimshirikisha Bi Khadija Kopa, mwimbaji mashuhuri wa taarabu kutoka Unguja, katika wimbo "Nasema Nawe". Mwenye masikio alisikia kwamba uzi haujakatika.

Mfano mkubwa kuliko yote twaupata hapa hapa Durban. Wimbo wa taifa wa Tanzania, ambao sisi hupandisha kifua tukiusikia, mahadhi yake yalitungwa mwaka 1897 na Enoch Sontonga, mwalimu na kiongozi wa kwaya wa Afrika Kusini. Miongoni mwa waliouvumisha wimbo huo ni kwaya ya shule ya Ohlange iliyoasisiwa na John Langalibalele Dube huko Inanda, kaskazini ya mji wetu. Uliimbwa Bloemfontein Januari 1912 katika mkutano ulioasisi chama kilichokuja kuitwa ANC, na Sol Plaatje akaurekodi London mwaka 1923. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 iliyachukua mahadhi hayo na kuyavika maneno ya Kiswahili. Zambia nayo ikayachukua mwaka 1964 kwa maneno yake. Afrika Kusini yenyewe haikuweza kuufanya wimbo rasmi wa taifa hadi 1994, na mwaka 1997 ukaunganishwa na wimbo wa zamani wa Makaburu ukawa huu wa sasa wenye lugha tano.

Kwa hiyo timu ya Tanzania ikicheza na ya Afrika Kusini, mahadhi yale yale husikika mara mbili kabla ya mpira kuanza. Mtoto wetu akisimama katika mkusanyiko wa asubuhi shuleni, wimbo unaoanza pale ni wa nchi hii, na pia ni wa nchi ya wazazi wake. Hakuna mwenye haki ya kumwambia kwamba ameuazima. Kinachoutenga wa huku na wa kule ni maneno. Ndiyo maana twasema kwamba wimbo huwa wetu kwa lugha, na hubaki wetu kwa muda ule tu ambao bado tunaielewa.

WENZETU WA ULAYA

Jambo hili halikutupata sisi peke yetu. Mataifa ya Ulaya yana shindano lao la nyimbo la Eurovision, lililoanza mwaka 1956, nayo yamebishana sana juu ya lugha. Mwaka 1966 iliwekwa kanuni kwamba kila nchi iimbe kwa lugha yake. Kanuni ikaondolewa 1973, ikarudishwa 1977, ikaondolewa tena 1999. Tangu hapo nchi nyingi zimekuwa zikiimba kwa Kiingereza, ili wapiga kura wa mbali wapate kuelewa. Ni hesabu ile ile tuliyoiona ICC: anayetafuta kura nyingi huelekea kuchagua lugha ya wengi.

Lakini mwaka 2016, huko Stockholm, alishinda Jamala wa Ukraine kwa wimbo uitwao "1944". Jamala kwa upande wa babake ni wa Watatari wa Crimea, umma wa Kiislamu ambao Stalin aliufukuza kutoka kwao Mei 1944 na kuutupa Asia ya Kati, na ambao wengi wao hawakuruhusiwa kurudi kwa zaidi ya miaka arubaini. Yeye mwenyewe alizaliwa uhamishoni, mjini Osh. Beti aliziimba kwa Kiingereza, na kiitikio kwa Kitatari cha Crimea. Tulipoisoma habari hiyo hatukuishia kwenye ushindi. Tulijiuliza kiitikio kile kilifikaje kinywani mwake. Hakikutoka kwa waamuzi wa Stockholm. Kabla ya kufika huko, kwa miongo mingi lugha hiyo ilisemwa jikoni na chumbani, na watu waliokuwa mbali na kwao, bila mtu yeyote kuwapigia makofi.

MTOTO NA NENO "KAMWAMBIE"

Sasa tutazame majumba yetu wenyewe. Miongoni mwa nyimbo zilizomwinua Diamond mwanzoni ni "Kamwambie". Vijana wetu waliozaliwa hapa huuimba wote, bila kukosea hata herufi moja. Siku moja, baada ya darasa la madrasa, tuliwauliza watoto kumi na wawili neno hilo lina maana gani. Wanne walisema lina maana ya kusema. Watatu walikisia kwamba ni jina la mwanamke. Mmoja tu, ambaye bibi yake anaishi nao, alieleza kwamba mtu anatumwa: aondoke hapa, aende, akamwambie mwingine.

Tazameni jinsi lugha hii ilivyo na uchumi. Neno moja limebeba mtumaji, mtumwa, safari, na anayepelekewa habari. Silabi ile ya "ka" ndiyo safari yenyewe. Mtoto asiyeielewa huliimba neno zima lakini haendi popote. Huyo atashangilia tuzo ijayo kama anavyoshangilia goli la timu ya mbali: furaha yake ni ya kweli, ila wimbo umeshakuwa wa watu wengine.

Wazazi watasema mtoto ana mzigo mkubwa: Kiingereza cha shule, Kizulu cha mtaani, Kiarabu cha Qur'ani. Tunakubali. Lakini Kizulu si adui wa Kiswahili. Ni ndugu wa damu. Sisi twasema nyama, wao inyama. Sisi nyoka, wao inyoka. Sisi watu, wao abantu. Sisi maji, wao amanzi. Mtoto akionyeshwa hayo hujua kwamba lugha ya bibi yake haikuanguka kutoka mbinguni kuja kuwaudhi wenyeji, na kwamba yule anayemwita kwerekwere anasema lugha iliyotoka katika tumbo moja na ya kwao.

Wala fahari ya namna yetu si ya wageni peke yao. Februari 2024 Tyla wa Johannesburg alipopata tuzo ya Grammy kwa wimbo "Water", majirani zetu wa Sydenham, ambao wengi wao familia zao sheria za zamani ziliwapachika jina la "Coloured", walishangilia kama tulivyoshangilia sisi mwaka 2015. Tuliwapongeza kwa moyo safi, kwani tulikuwa tunaijua ladha yake.

SOMO KUTOKA CHATSWORTH

Tumalizie kwa watu walio karibu nasi ambao twawasahau mno. Kuanzia mwaka 1873 merikebu za Kiingereza ziliwaleta Durban, kwa kupitia Unguja, watu waliookolewa katika majahazi ya biashara ya watumwa. Walikuwa mamia kadhaa. Wengi wao asili yao ilikuwa ni Wamakua wa kaskazini ya Msumbiji, lakini mji ukawaita Wazanzibari, na jina hilo wanalo hadi leo. Walikaa King's Rest, huko Bluff, katika ardhi iliyosimamiwa na wakfu wa Msikiti wa Juma wa Grey Street. Serikali ya ubaguzi ilihangaika kuwapatia fungu, mara Waafrika, mara "Waasia wengine", na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikawang'oa Bluff na kuwahamishia Chatsworth, kitongoji kile kile ambacho mwaka 2015 kilipigwa mahema ya wakimbizi wa ghasia.

Watu hao hawakupata kupigiwa kura na mtu yeyote, wala hakuna televisheni iliyowatangaza. Hata hivyo Uislamu wao ulibaki, na Kimakua kikasemwa majumbani mwao kizazi baada ya kizazi, katika nchi ambayo sheria yake haikujua hata iwaite nani. Methali yetu husema mwacha mila ni mtumwa. Hawa walitwaliwa utumwani, na mila hawakuiacha. Asiyeamini na aende Chatsworth akawaone.

Kwa hiyo, ndugu wasomaji, hatuwaambii mzime televisheni, wala hatuwaambii muiwashe. Mashindano yatakuja mengine, na mtu wa kwetu atashinda au atashindwa kwa hesabu za kura zisizo mikononi mwetu. Kilicho mikononi mwetu ni kidogo, nacho ni hiki: kila nyumba ituletee maneno ya wimbo mmoja ambao mkubwa wa nyumba hiyo anaujua kwa moyo. Uwe kaswida, uwe wa kumbembeleza mtoto, uwe wa harusi au wa kutwanga, wa Kimvita, wa Kiunguja, wa Kingwana au wa Kingazija. Uandikwe na mtoto kwa mkono wake mwenyewe, mkubwa akimtamkia, na chini yake mtoto aandike kila neno gumu alilolazimika kuuliza na jibu alilopewa. Kurasa hizo zikabidhiwe madrasa siku ya Jumamosi baada ya sala ya Alasiri. Tutautoa ukurasa mmoja kila mwezi katika jarida hili, kwa mpango wa kwanza kuja ndiye wa kwanza kutolewa.

Mtoto yule aliyeuliza juu ya teksi sasa ni mtu mzima, naye ana mtoto wake mchanga. Tumemwomba atuletee ukurasa wa kwanza.

Wabillahi tawfiq.